Kambove: Wembe, Sabuni na Brashi ya Nguruwe

Kambove, mji wetu wa shaba katika Katanga, Kongo, ilijua wembe muda mrefu kabla ya kujua sabuni ya dukani. Wasanga waliochimba mawe ya kijani katika vilima hivi, wakayayeyusha kwa makaa na kumimina misalaba ya shaba, waliishi jirani na wahunzi wa chuma. Kichwa kilinyolewa kwa ubapa mwembamba wa chuma, maji, na mkono uliozoea. Ndevu hazikuwa na shughuli nyingi. Nywele ndizo zilizokuwa na maana. Mtoto mchanga alinyolewa, na matanga yalipokwisha wafiwa waliketi kwa zamu mbele ya mtu mmoja mwenye wembe mmoja.

Naanza na wembe huo kwa sababu mimi ni kinyozi, na kazi yangu imekaa miaka mingi katika kosa lililotokana nao. Kilichogusa ngozi kilikuwa cha wote. Brashi ya ndevu ilipotufikia ikaingizwa katika mazoea hayohayo, ingawa kwa umbile lake ni chombo cha mtu mmoja.

Brashi ilikuja na reli. Msiri, mfalme aliyetawala sehemu hizi, aliuawa Bunkeya Desemba 1891, na mwaka uliofuata Jules Cornet, mwanajiolojia wa Kibelgiji, alipita Kambove akiandika habari za mawe yetu. Kampuni ya madini ya Union Minière du Haut-Katanga ikaundwa 1906. Garimoshi likafika Élisabethville, ambayo sasa ni Lubumbashi, 1910, na Kambove 1913. Mabehewa yaliyokuja kubeba madini hayakuja matupu: yalileta mashine, unga, vitambaa, vioo vya mkononi, sabuni na nyembe za kukunja. Yalileta pia wanaume kutoka Rhodesia ya Kaskazini, Nyasaland na Lomami, wengi wao bila wake. Mwishoni mwa miaka ya 1920 kampuni ikabadili siasa yake, ikataka mfanyakazi akae na mke na watoto kambini. Kambi ikawa na nyumba zenye namba, zahanati, shule ya wamisionari, na Kiswahili kikawa lugha ya uani. Penye kambi ya namna hiyo hakukosi mtu anayewanyoa wenzake siku ya kupumzika.

Baba yangu mdogo alikuwa mmoja wao katika miaka ya 1950. Alikaa chini ya mwembe na kiti cha mbao, kioo kilichotundikwa msumarini, ukanda wa ngozi wa kunolea, wembe wa kukunja, na brashi moja ya nywele za nguruwe. Brashi bora za Wazungu zilikuwa za nywele za melesi, mnyama wa Ulaya na Asia anayefukua ardhi, na bei yake haikuwa ya mchimbaji. Nguruwe alikuwa rahisi. Wakati ule sehemu kubwa ya nywele zake katika biashara ya dunia ilitoka China, zikaenda viwanda vya Ulaya kufungwa kwenye mpini, kisha zikaja kwetu. Nywele ya nguruwe wa Sichuan iliweza kuzunguka nusu ya dunia ili ipake povu kidevu cha mtu wa Kambove.

Brashi hiyo ikiwa mpya ni adui wa ngozi. Inachoma, inanuka banda, na inameza povu lote pasipo kulirudisha. Vijana niliowapaka kwa brashi mpya waliruka kitini: "Baba, hii inanuka nguruwe!" Nami nilijibu kama nilivyofundishwa, kwamba nguruwe hajafa bado, mpe mwezi.

Kuilainisha kuna utaratibu wake. Kwanza inaoshwa kwa sabuni, mara mbili au tatu, mpaka harufu ipungue. Halafu inasimamishwa katika kopo la maji ya vuguvugu, maji yakifika karibu na shingo ya mpini, ikae dakika chache. Nywele ya nguruwe hunywa maji na kulegea. Ndiyo sababu haifai kuishika kavu na kuanza kusugua. Maji yanayochemka hayatakiwi: yanakausha nywele na kulegeza gundi inayoshika kitita ndani ya mpini. Ikishanywa inakung'utwa, inazungushwa juu ya sabuni mpaka povu lijae, na povu hilo linaachwa humo usiku kucha. Asubuhi inasuuzwa, inakamuliwa kwa kiganja bila kuisokota, inatundikwa nywele zikielekea chini mpaka ikauke kabisa. Kesho yake inaanzwa upya.

Ukitaka kuona kinachotokea, chukua nywele moja iliyodondoka uishike juani. Upande wa shina ni mnene na mgumu. Upande wa ncha umegawanyika tangu mnyama akiwa hai, na waundaji huuweka nje kwa makusudi. Kila kulowa na kukauka huzidisha mpasuko huo: ncha moja inakuwa mbili, mbili zinakuwa nne. Baada ya wiki kadhaa uso wa brashi ni laini kama kitambaa cha flaneli, huku shina likibaki na nguvu ya kuinua ndevu. Melesi huzaliwa laini. Nguruwe hulainishwa na mwenye brashi.

Kambove ina taabu ya pekee katika kazi hii, nayo ni maji. Chini yetu kuna mwamba wa dolomiti. Wanajiolojia wamelipa tabaka moja la mwamba huo jina la mji wetu. Maji yanayopita humo hubeba kalisi na magnesi, na hayo hushikamana na sabuni kabla povu halijatoka. Unazungusha brashi, unapata utando wa kijivu unaoganda pembeni mwa beseni. Baba mdogo hakusoma kemia, lakini alikuwa na pipa chini ya mchirizi wa bati. Kuanzia Novemba hadi Aprili alinyoa kwa maji ya mvua, na lile pipa aliligawa kwa kipimo mpaka asubuhi za baridi za Juni, ambapo kopo lilikaa kwenye mbabula, jiko la makaa, muda wote. Wachimbaji walidhani ana sabuni ya siri.

Si kila mteja alikubali nguruwe. Waislamu wa asili ya Kasongo na Maniema waliuliza kwanza brashi imetengenezwa kwa nini, na wakijibiwa walipaka povu kwa vidole vyao wenyewe. Kwao nguruwe ni najisi, na jambo halikuhitaji mjadala. Baadaye zilikuja brashi za nailoni, na baba mdogo akaweka moja kando kwa ajili yao. Bila kujua, akawa ameanza kutenga brashi kwa mtu.

Miaka hiyo uso laini ulikuwa na siasa yake. Serikali ya Ubelgiji ilianzisha kadi ya sifa za kiraia mwaka 1948, na mwaka 1952 ikaongeza uandikishaji wa wale waliohesabiwa kuwa wamestaarabika. Mwombaji alichunguzwa mpaka nyumbani: anakulaje, mke anakaa wapi mezani, vyombo vikoje. Mtu aliyengoja uchunguzi huo alikuja kunyolewa kwa makini kuliko bwana harusi. Patrice Lumumba, aliyekuja kuwa waziri mkuu wa kwanza wa Kongo, aliipata hati ya uandikishaji mwaka 1954. Picha zake za 1960 zinaonyesha kidevu chenye ndevu zilizochongwa, na katika Katanga iliyojitenga chini ya Tshombe, mtindo huo ulimtia mtu mashakani. Kinyozi alijua upepo unakovuma kwa kusikiliza wateja wanachoomba kiondolewe.

Union Minière ilitaifishwa Januari 1967, na kazi ikaendelea chini ya jina ambalo baadaye likawa Gécamines. Pigo la brashi lilitoka kwingine. Vitu vidogo vya Ulaya tulivinunua katika maduka ya Wagiriki, Wareno na Wayahudi wa kisiwa cha Rhodes, hasa Likasi na Lubumbashi. Tarehe 30 Novemba 1973 Rais Mobutu alitangaza biashara za wageni zipewe Wazaire, yaani wananchi wenyewe. Muda si mrefu rafu zikabaki na vumbi. Nilianza kujifunza kazi wakati huo, na brashi niliyofundishiwa ilikuwa na mpini uliopasuka, umefungwa kwa waya wa shaba duru kwa duru. Ilikuwa laini ajabu. Ilikuwa pia imepita kwenye nyuso za mtaa mzima.

Kwamba brashi inaweza kubeba ugonjwa halikuwa jambo jipya duniani. Wakati wa vita vya 1914–1918 na baada yake, wanaume wa Uingereza na Marekani waliugua kimeta kwa sababu ya brashi za ndevu zilizotengenezwa kwa nywele za wanyama zisizosafishwa ipasavyo. Mwaka 1920 Uingereza ikapiga marufuku kuingiza brashi za namna hiyo kutoka Japani. Habari hizo hazikufika chini ya mwembe wetu. Kilichofika ni SIDA, yaani UKIMWI. Utafiti mkubwa wa ugonjwa huo ulianza Kinshasa mwaka 1984, na kabla miaka ya 1980 haijaisha wateja wa Kambove walikuwa wakitazama wembe kwanza, kisha mkono wa kinyozi. Walikuja na kiwembe kipya mfukoni. Brashi waliisahau, kumbe virusi vya homa ya ini aina ya B vinaweza kudumu nje ya mwili kwa siku saba, na povu linasuguliwa palepale wembe ulipokwaruza.

Mashine za umeme ndizo zilizoiondoa brashi vibandani, kwa haraka na kwa muziki. Hata hivyo mashine inahitaji umeme. Bwawa la Mwadingusha kwenye mto Lufira linazalisha tangu 1930, na mwaka 1982 nyaya kutoka bwawa la Inga zilifika Kolwezi baada ya kilomita takribani 1,700. Migodi hunywa kwanza. Umeme ukikatika, vijana wanaotakiwa kuwa na kidevu kitupu ili kipumulio cha kuzuia vumbi kikae sawasawa usoni wanakuja kwangu.

Nao nawaambia hivi. Ndevu zetu zimejipinda. Ukizikata kwa kwenda kinyume, ncha inarudi ndani ya ngozi na kuota kipele. Povu zito lililopakwa kwa brashi iliyozoea linainua na kulowesha kila unywele, wembe unafuata ulalo wake, pasi moja inatosha. Lakini brashi iwe yako. Uilainishe mwenyewe nyumbani, uchonge jina kwenye mpini, uje nayo na uondoke nayo. Mimi natoa sabuni, maji ya mvua na mkono. Anayekuja bila brashi nampaka povu kwa vidole vilivyooshwa mbele yake, na bei ni ileile.