Waliorudi Bila Ukoo

Katika kitabu cha Ezra, sura ya 2, imo orodha ya Wayahudi waliorudi kutoka uhamishoni Babeli. Kuelekea mwisho wake wanatajwa watu 652 walioshindwa kuonyesha nyumba za baba zao, hata haikujulikana kama kweli ni wa Israeli. Hata hivyo walihesabiwa pamoja na waliorudi. Sisi Wakristo wa kusini, kuanzia Mtwara na Mikindani hadi Newala na Masasi, tunao wahenga wa namna hiyo.

Mwezi wa Oktoba 1876 Askofu Edward Steere wa UMCA aliondoka Unguja pamoja na watu waliokombolewa utumwani, wanaume 31 na wanawake 24. Walishuka Lindi, na mwanzoni mwa Novemba wakashika njia ya bara kwa miguu. Nia ilikuwa kuwarudisha upande wa Ziwa Nyasa, ambako wengi wao walitekwa. Safari ikakomea Masasi, chini ya ile milima ya mawe. Wakajenga hapo.

Walowezi hao walikuwa wana wa nani? Waliitwa Wayao, Wamakua, Wanyasa. Lakini Mnyasa halikuwa jina la ukoo. Lilimaanisha tu mtu aliyeletwa kutoka upande wa ziwa. Majina yao nayo hayatusaidii sana. Mabruki, Farajala, Majaliwa ni majina ya pwani. Yanatuonyesha mtoto alikopitia, hayatuonyeshi aliyemzaa.

Hasara hiyo tunaielewa vizuri sisi watu wa huku. Kwa Wamakonde, Wamakua na Wayao, ukoo hufuata upande wa mama, na mjomba ndiye msemaji wa mtoto. Mtoto aliyenyakuliwa mikononi mwa mama yake alipoteza zaidi ya malezi. Alipoteza ukoo, mahali pa kuzikwa, na mtu wa kusimama naye siku ya ndoa au ya shauri.

Pia alipoteza watu wa kumkomboa. Mwaka 1882 Wangoni, waliojulikana kama Magwangwara, waliivamia Masasi na kuchukua mateka. Watu waliokwisha kutekwa utotoni wakatekwa tena. Desturi ilitaka wajomba wawafuate, lakini wajomba hawakujulikana. Aliyekwenda hadi kwa Wangoni kuwatafuta alikuwa mmisionari, W. C. Porter. Siku ile Kanisa lilifanya kazi ya ukoo.

Miongoni mwa watoto wa namna hiyo alikuwamo Cecil Majaliwa, Myao aliyetekwa akiwa mdogo, akalelewa na misheni Unguja, kisha akasomeshwa hadi Canterbury, Uingereza. Mwaka 1886 alifanywa shemasi na kutumwa Chitangali, kwa Wayao wenzake. Mwaka 1890 akapewa upadri, Mwafrika wa kwanza katika UMCA. Mtu aliyetolewa nchini kwa kamba alirudi na Injili, akaisema kwa lugha ya mama yake.

Tusiseme kwamba imani ilifuta hasara ile. Mama aliyeachwa kijijini hakuambiwa mwanawe amekuwa nani. Lakini tuache pia aibu. Hata leo, posa zinapoletwa, wapo wanaonong'ona kwamba fulani asili yake haijulikani, babu yake aliletwa tu. Anayesema hivyo ndani ya Kanisa akumbuke ni mikono ya nani iliyolijenga.

Katika sura ile ile ya Ezra, wako makuhani waliotafuta majina yao katika vitabu vya nasaba wasiyaone, wakazuiliwa ukuhani. Majaliwa naye hakuwa na kitabu cha nasaba cha kuonyesha. Aliwekewa mikono, akapanda madhabahuni, na Wayao wa Chitangali wakapokea Ekaristi kutoka mkononi mwake.