Jina la Mji Katika Noti: Fedha za Karatasi na Maniema ya Kusini

Miongoni mwa noti za kale zinazotafutwa sana na wakusanyaji wa fedha za Kongo ni zile zilizotolewa na Banque du Congo Belge kuanzia mwaka 1912. Benki hiyo iliundwa 1909, na noti zake za awali zilipigwa chapa jina la mji wa tawi: Elisabethville, Kinshasa, Matadi au Stanleyville. Noti mbili za kiasi kimoja huweza kutofautiana bei kwa sababu ya jina hilo tu.

Kasongo na Kabambare hazimo katika orodha hiyo, ingawa hazikuwa ngeni katika biashara. Kabla ya kutekwa na majeshi ya Dola Huru ya Kongo mwezi Aprili 1893, Kasongo ilikuwa makao makuu ya Tippu Tip, na Kabambare kituo cha misafara itokayo Ziwa Tanganyika. Pembe na watumwa vilipita humo, na malipo yalikuwa merikani na ushanga. Merikani iliyokosa mnunuzi iliweza kuvaliwa. Noti ilikuwa ahadi ya benki, na benki yenyewe ilikuwa mbali: kufika Stanleyville kulihitaji kuteremka Mto Lualaba, kisha kupanda gari la moshi kutoka Ponthierville kwa reli iliyofunguliwa 1906 ili kuyakwepa maporomoko.

Tatizo la umbali halikwisha pamoja na ukoloni. Juni 1967 zaire ilichukua nafasi ya faranga, zaire 1 kwa faranga 1,000. Mwishoni mwa Desemba 1979 serikali ya Mobutu ilizibatilisha noti za zaire 5 na 10, ikatoa siku chache tu za kuzibadilisha. Wengi walioishi mbali na benki, hususan wanavijiji, walipoteza akiba zao. Oktoba 1993 ikaja zaire mpya, moja kwa 3,000,000 za zamani. Na 1998 faranga ya Kongo, moja kwa zaire mpya 100,000.

Hivyo basi, noti safi iliyomo katika mkusanyo wa Ulaya na noti chakavu iliyosalia sandukuni katika vijiji vya Kabambare hazina historia moja. Ya kwanza ilihifadhiwa kwa kupendwa. Ya pili yamkini ilisalia kwa kuwa mwenyewe hakuiwahi benki. Mkusanyaji huishusha bei noti yenye mikunjo, ilhali kwa mwanahistoria mikunjo hiyo ni ushahidi. Anayenunua noti Maniema hana budi kuandika pia ilikopatikana, na maelezo ya aliyeitunza kuhusu sababu ya kubaki nayo. Bila hayo, ushahidi huo hupotea siku ya mauzo.