Ng'ambo ya Mto: Kumbukumbu za Bweni na Jirani Zake

Ndugu zetu wa Bweni, Kikokwe, Mwera na Ushongo, mlioko nyumbani na mlioko mbali,

Historia ya Pangani husimuliwa kutokea upande wa mjini. Huko ndiko liliko Boma. Huko ndiko mgogoro wa bendera ya Kampuni ya Kijerumani ulikowasha vita mwaka 1888, na ndiko Bushiri bin Salim alikonyongwa Desemba 1889. Sisi wa ng'ambo hutajwa kwa neno moja tu: pantoni inaposhushia watu.

Lakini upande wetu nao una lake. Mwaka 1893 mtaalamu wa kilimo wa Kijerumani, Richard Hindorf, aliletewa miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida, Marekani. Safari ilikuwa ndefu, na iliyofika hai ilikuwa 62. Ilipandwa Kikokwe, hapa hapa kusini mwa mto. Kutokana na miche hiyo mashamba yalienea Muheza, Korogwe hadi Morogoro, na Tanganyika ikaja kuongoza dunia kwa mkonge.

Mkonge ulileta watu pia. Manamba walitoka Kigoma, Songea, Burundi na Msumbiji, wakakata majani kwa mikataba. Wengi walirudi kwao. Wengine walioa, wakazika wapendwa wao, nao wakazikwa huku. Ndiyo maana kwenye msiba wetu mmoja utawakuta Mzigua, Mbondei, Muha na Mmakonde wakiitana shemeji. Hata hivyo, Kikokwe hakuna kibao cha kumweleza mtoto haya, na wazee wanaokumbuka majina ya kambi wanapungua kila mwaka.

Sasa linajengwa daraja la mita 525 kati ya Pangani na Bweni. Tunalishukuru: mgonjwa hatasubiri tena ukingoni usiku. Ila kwenye pantoni mgeni alilazimika kusimama, akanunua samaki, akauliza hapa ni wapi. Kwenye daraja atapita tu.

Kwa hiyo mwaka huu, pamoja na michango ya kawaida, umoja wetu unaomba mchango wa kurekodi simulizi za wazee na kuweka kibao Kikokwe. Mwenye picha ya zamani au barua ya babu aje nayo. Mwenye shilingi atoe shilingi. Tusipojieleza sisi, tutabaki kuwa ng'ambo ya historia ya wenzetu.