Afyuni asilia za ubongo na kifafa

Afyuni asilia za ubongo ni kemikali ambazo ubongo hujitengenezea na ambazo hufanya kazi kama afyuni itokanayo na mmea. Enkefalini, ya kwanza kutambuliwa, ilielezwa mwaka 1975 na John Hughes na Hans Kosterlitz wa Aberdeen, Uskoti.

Katika kifafa zina pande mbili. Dainofini, mojawapo ya afyuni hizi, hushika vipokezi vya kapa kwenye seli za ubongo, hupunguza umwagaji wa glutamati, kemikali inayochochea seli, katika sehemu ya ubongo iitwayo hipokampasi, na hivyo hutuliza seli zilizochachamaa. Enkefalini na endofini, ambayo pia ni afyuni asilia, kupitia vipokezi vya aina nyingine, vya myu, zinaweza kunyamazisha seli ambazo ndizo breki za ubongo, na shambulio la kifafa likapata nafasi. Shambulio lenyewe humwaga afyuni hizi kwa wingi. Huenda hilo husaidia kulikomesha, lakini pia linashukiwa kudhoofisha pumzi ya mgonjwa baadaye. Ndiyo maana asiachwe peke yake, na alazwe ubavu.

Wilayani Hai, Tanzania, jirani na Arusha upande wa mashariki, uchunguzi wa nyumba kwa nyumba wa mwaka 2009 ulikuta takriban watu 3 kati ya 1,000 wana kifafa kinachoendelea. Inasikitisha kwamba wengi wao hawakuwa kwenye matibabu, ilhali fenobabitali ni dawa ya bei nafuu. Dawa hiyo haipitii vipokezi vya afyuni. Huongeza nguvu ya GABA, kemikali ya ubongo inayotuliza seli. Tramadoli, afyuni ya viwandani inayotumiwa kutuliza maumivu, inaweza kuamsha kifafa, hivyo mgonjwa amweleze daktari hali yake kabla ya kuandikiwa.