Asilimia 46.42 na Watu wa Mulanda

Ndugu zetu, wiki hii tunaandika hesabu, lakini msikimbie. Ni hesabu iliyowafanya watu wavuke mpaka wa Busia na Malaba na vitanda kichwani, wakaishia Mulanda, huku Tororo, jirani na gombolola la Paya. Wengi wetu tunaijua historia ya wakimbizi wa Sudan Kusini na wa Kongo. Ya Wakenya waliokimbilia Uganda wachache sana wanaikumbuka.

Tarehe 30 Desemba 2007, Tume ya Uchaguzi ya Kenya ilitangaza matokeo ya urais. Mwai Kibaki kura 4,584,721, Raila Odinga kura 4,352,993. Kwa asilimia ni 46.42 kwa 44.07. Jioni hiyohiyo Kibaki akaapishwa, na nchi ikawaka.

Hebu tuziangalie zile tarakimu mbili zilizo nyuma ya nukta. Mtu akikuambia "kama arobaini na sita hivi", unajua anakadiria. Akikuambia 46.42, unadhani ametumia mzani wa sonara. Nukta ina heshima yake, si ndiyo? Lakini nukta haiji na ukweli, inakuja na kugawanya tu. Namba yoyote ukiigawanya kwa nyingine, hata kama zote mbili ni za uongo, kikokotoo cha simu kitakupa desimali nane bila kuona haya.

Pengo la wagombea lilikuwa kura 231,728. Kenya wakati huo ilikuwa na majimbo 210 na vituo vya kupigia kura zaidi ya 27,000. Gawanya mwenyewe: ni kama kura 1,103 kwa jimbo, na kwa kituo kimoja hazifiki hata 9. Yaani karani akikosea kidogo tu kila kituo, kwa upande uleule, pengo limekwisha. Sasa mzani wenyewe ulikuwaje? Tume ya Jaji Johann Kriegler kutoka Afrika Kusini, iliyotoa ripoti yake Septemba 2008, ilikuta daftari la wapiga kura lina majina ya marehemu wapatao milioni 1.2, katika daftari la watu milioni 14 na kitu. Hiyo ni karibu asilimia 8, wakati ushindi wenyewe ulikuwa wa asilimia 2 na kidogo. Jimbo la Maragua lilitajwa kwamba waliojitokeza ni asilimia 115, kabla ya namba hiyo kurekebishwa. Mtoto wa darasa la sita anajua kwamba watu 100 walioandikishwa hawawezi kupiga kura 115. Mwisho Kriegler akasema haiwezekani kujua nani alishinda. Haikuwa kwamba aliyeshindwa ndiye aliyeshinda. Ilikuwa kwamba chombo cha kupimia hakikuwa na uwezo wa kuona tofauti ndogo kama ile. Ni sawa na kupima chumvi ya mchuzi kwa mzani wa kupimia ng'ombe.

Tume ya Jaji Waki ilihesabu waliokufa 1,133.

Waliokimbilia Uganda wanatajwa kuwa karibu 12,000. Walipita Busia, walipita Malaba, walipita njia za panya ambazo kila mtu wa huku anazijua. Kambi ya muda ikawekwa Mulanda, Budama Magharibi, upande uleule wa Paya. Hapo walikaa watu karibu 2,000, na baadaye wakahamishiwa Kiryandongo, ambako wakimbizi kutoka Sudan walikuwa wamekaa tangu mwanzo wa miaka ya 1990.

Sasa hapa ndipo tulipoanza kukuna vichwa. Kumbukumbu za serikali ya Kenya zinasema waliohamishwa makwao ndani ya nchi walikuwa 663,921, na kwamba mbali na hao, kaya 640 zilikimbilia Uganda. Chukua watu 12,000 gawanya kwa kaya 640. Unapata karibu watu 19 kwa kaya moja! Hata nyumba ya babu mwenye wake wanne haijai hivyo wakati wa kukimbia. Lakini chukua wale 2,000 wa Mulanda, gawanya kwa 640, unapata watu 3 na kidogo. Hiyo inaingia akilini. Kwa hiyo sisi tunaamini zile kaya 640 zilikuwa ni watu wa kambini tu au wa karibu na kambi. Wale waliopokewa na shangazi kule Busia, au waliopanga chumba mjini Tororo, hawakuwa kwenye daftari hilo. Mtu mmoja kati ya sita ndiye alionekana. Na yule aliyevuka asubuhi kwenda kuangalia duka lake kama bado limesimama, akarudi jioni, ni mtu mmoja au wawili?

Ile 663,921 nayo ina siri yake. Inaonekana kama kila mtu aliguswa bega na kuhesabiwa, mpaka yule mmoja wa mwisho. Kumbe ni jumla ya namba mbili: 350,000 waliokaa kambini, na 313,921 waliopokewa na jamaa na majirani. Ya kwanza ina sifuri nne mwishoni, ni makadirio waziwazi. Ya pili imehesabiwa hadi mtu mmoja. Ukijumlisha makadirio na hesabu kamili, jibu linabaki makadirio, ila sasa limevaa suti. Cha kushangaza zaidi, waliokuwa kambini, ambao ungetegemea ni rahisi kuhesabu, ndio waliokadiriwa.

Sokoni Paya hakuna anayedanganywa na desimali. Mahindi yanapimwa kwa gorogoro, kopo lililokuwa la mafuta ya kupikia la kilo mbili, na mteja anasimama palepale kuangalia kama kitako cha kopo kimebonyezwa ndani. Halafu anadai nyongeza. Ile nyongeza ni elimu kubwa, tusiidharau: wote wawili wanajua kipimo kina makosa, na wameshakubaliana kosa lielekee upande wa nani.

Hata serikali ya Uganda imekubali kukadiria, na imefanya kwa adabu. Tangu katikati ya miaka ya 2000, Ofisi ya Takwimu ya Uganda na Benki Kuu wamekuwa wakiweka watu kwenye vivuko kama Busia kuangalia biashara isiyopita kwenye karatasi za forodha. Wanakaa, wanaangalia baiskeli, mikokoteni na mizigo ya kichwani, wanakisia kila gunia lina nini na kiasi gani. Wanafanya hivyo kama wiki mbili kwa mwezi, kisha wanakuza hesabu ipate mwezi mzima. Na wanapochapisha wanasema wazi ni makadirio.

Sisi wakimbizi tulipitishwa kwenye mzani mwaka 2018. Uganda ilikuwa ikitajwa kuwa na wakimbizi zaidi ya milioni 1.4. Zikaja tuhuma kwamba namba zimepandishwa, na kuanzia Machi hadi Oktoba tukapanga foleni kuchukuliwa alama za vidole na picha za macho. Waliothibitishwa walikuwa 1,091,024, robo tatu hivi. Mitaani ikawa eti robo nyingine ni "wakimbizi hewa". Haraka hiyo haikuwa ya haki. Ndani ya ile robo wamo walioandikishwa mara mbili, ndiyo, lakini wamo pia waliorudi kwao, waliohama, na ambao hawakufika tu kwenye foleni. Mashine inasoma kidole kilichopo, haiwezi kueleza kisichopo.

Ndugu mnaofanya kazi kwenye mashirika, hili la mwisho ni la kwenu pia. Aprili 2020 Shirika la Chakula Duniani lilipunguza mgao wetu kwa asilimia 30. Februari 2021 mgao ukashuka hadi asilimia 60 ya mgao kamili. Kwenye mikutano mkasema "umepungua asilimia kumi". Asilimia kumi ya nini? Ya mgao kamili, ambao mwaka ule hakuna aliyekuwa ameuona. Mgao kamili unahesabiwa kwa kalori 2,100 kwa siku. Asilimia 70 ni 1,470, na asilimia 60 ni 1,260. Mama aliyekuwa anapika za 1,470 amepoteza 210 kati ya alichokuwa nacho mkononi, yaani zaidi ya asilimia 14. Na ili arudi palepale alipokuwa, kile anachopata sasa lazima kiongezwe karibu asilimia 17, si kumi.