Kilimia na wingu la jirani yake

Disemba 2009, njia ya umeme ya chini ya bahari inayoingilia Fumba ilipata hitilafu, na Unguja nzima ikazimika. Kiza kilidumu miezi mitatu, hadi Machi 2010. Tunakikumbuka kwa adha yake: maji hayapandi, samaki wanaoza, majenereta yananguruma usiku kucha. Lakini aliyepanda darini Mji Mkongwe usiku usio na mwezi aliona mbingu ambayo taa za mji zilikuwa zimeificha kwa miaka mingi. Katikati ya Disemba, ilipokaribia saa tano usiku, Kilimia kilikuwa juu kabisa, kimeegemea kaskazini, nyota zake sita au saba zikihesabika moja moja.

Kundi hilo la nyota lina historia ndefu na watu wa visiwa hivi. Mwishoni mwa Aprili, masika yakiwa yamepamba moto, Kilimia huzama magharibi pamoja na jua na kutoweka kwa wiki kadhaa. Kikichomoza tena mashariki, alfajiri za Juni, mvua zimekwisha na kusi imeshika. Ndiyo maana wazee walisema kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Makunduchi, ambako Mwaka Kogwa husherehekewa kila Julai, walikuwa pia na hesabu ya siku 365, zikigawanywa kwa miongo ya siku kumi kumi. Hesabu hiyo haikuwa na siku ya nyongeza, kwa hiyo iliachana na majira kwa siku moja kila miaka minne. Kilimia hakimpotezi mkulima kwa haraka hivyo, na kwa maoni yangu hapo ndipo thamani yake ilipokuwa.

Mabaharia nao walikijua, kwa jina la Thurayya. Katika dira ya Waarabu, mawio yake yalikuwa moja ya pande 32. Ahmad ibn Majid wa Julfar, aliyeandika juu ya safari za mwambao huu mwishoni mwa karne ya 15, alieleza namna ya kupima kimo cha nyota. Mabaharia walitumia kibao kidogo chenye uzi wa mafundo: fundo likabanwa kwa meno, kibao kikanyooshwa mbele ya jicho mpaka ukingo wake wa chini uguse upeo wa bahari. Kaskazini walipima Jaa, nyota ya ncha ya kaskazini. Huku kwetu, nyuzi sita kusini ya ikweta, Jaa imezama, hivyo walihamia Farkadani na nyota nyingine.

Hakuna kati yao aliyeweza kujua kwamba Kilimia ni kichanga. Umri wake ni miaka milioni 100 na ushei. Dinosaria ambao mifupa yao ilichimbuliwa Tendaguru, Lindi, kati ya 1909 na 1913, waliishi miaka milioni 150 hivi iliyopita. Walitembea katika ardhi ya Tanzania chini ya mbingu isiyokuwa na Kilimia.

Kilitoka wapi? Jibu lilichelewa, na vumbi ndilo lililochelewesha. Mwaka 1859, Wilhelm Tempel, akiwa Venice, aliona ukungu hafifu kando ya nyota mojawapo ya Kilimia. Mwaka 1912 Vesto Slipher, huko Arizona, aliichambua nuru ya ukungu ule akakuta ni nuru ya nyota yenyewe, imegonga vumbi na kurudi. Kisha mwaka 1930 Robert Trumpler alilinganisha makundi 100 hivi ya aina ya Kilimia. Yale ya mbali yalififia kuliko umbali wake ulivyostahili. Basi anga kati ya nyota si tupu: mna vumbi, chembe ndogo kama za moshi, linalokula nuru njiani.

Vumbi hilo ndilo kivuli cha uzazi wa nyota. Ndani ya wingu zito nuru ya nje haipenyi, na baridi hufika nyuzi 260 chini ya sifuri. Gesi iliyopoa kiasi hicho haina nguvu ya kupingana na uzito wake. Hujikunja, hujibana, kitovu chake kikapata joto hadi haidrojeni ianze kuungana kuwa heli. Hapo nyota imezaliwa.

Watu wengi walidhani ukungu wa Kilimia ni mabaki ya wingu lililokizaa. Sivyo. Vipimo vya mwendo vimeonyesha kwamba ukungu ule una safari yake, na Kilimia kimekutana nao njiani tu. Wingu lake la uzazi lilitawanyika zamani sana.

Ila jirani yake, katika buruji ya Ng'ombe ambamo Kilimia nacho kimo, kuna wingu ambalo bado linazaa, umbali wa miaka ya nuru 450 hivi. Mwaka 2014 antena za ALMA, katika jangwa la Atacama nchini Chile, zilipiga picha ya HL Tauri, nyota ya huko isiyofikisha miaka milioni moja. Imezungukwa na sahani ya vumbi yenye pete angavu na mianya myeusi, na wataalamu wengi wanaamini mianya hiyo inachongwa na sayari zinazojiunda. Nuru ya picha ile iliondoka huko wakati Wareno wakitawala mwambao wetu, kabla Ngome Kongwe ya Mji Mkongwe haijajengwa.

Anayetaka kulitafuta wingu hilo aende Makunduchi au Kizimkazi, Disemba au Januari, mwezi ukiwa haupo. Aanzie Kilimia, aende mashariki hadi Dabarani, ile nyota nyekundu, kisha asogee kaskazini yake kidogo. Asitafute kinachong'aa. Atazame palipopungua nyota.