Hilo Deni Limeandikwa Wapi?

Kabla ya Biashara Street kuitwa hivyo iliitwa Bazaar Street, na maduka yake mengi yalikuwa ya Wahindi. Mtu wa Dagoretti mwenye kiduka chake, baada ya Vita vya Pili vya Dunia, alishuka tao kuchukua sukari, mafuta ya taa na vitambaa, na kama hakuwa na pesa mkononi aliomba kwa mkopo. Siku ya kulipa ikifika na mzigo haujauzwa, mwenye mali alimfuata. Lakini kuanzia 1948 mwenye mali huyo alikutana na kizingiti. Sheria ya kudhibiti mikopo kwa Waafrika, iliyopitishwa mwaka huo, ilisema kwamba asiye Mwafrika akimkopesha Mwafrika zaidi ya shilingi 200, hawezi kulidai deni hilo mahakamani bila mkataba wa maandishi ulioshuhudiwa na afisa wa serikali. Hakuna karatasi, hakuna kesi.

Nilipoisoma mara ya kwanza nilitabasamu. Wakoloni, wale wale wa kipande na kodi ya nyumba, eti wanamwambia mdai athibitishe. Ukiitazama vizuri tabasamu linaisha. Mtu mzima mwenye duka na watoto alichukuliwa kama mtoto asiyejua anachotia saini, mpaka mzungu wa wilaya aje kumshikia kalamu. Na mfanyabiashara wa Bazaar Street hakuwa mjinga: mbona amkopeshe mtu ambaye hawezi kumshtaki? Alimpa bidhaa kidogo tu, akamwambia arudi akilipa. Benki nazo zilitaka hati ya shamba, na Waafrika wengi hawakuwa nayo. Mpango wa Swynnerton wa kupima mashamba na kutoa hati ulikuja 1954. Kwa hivyo swali la "karatasi iko wapi?" lilikuwa ndani ya sheria, ila lilikaa mfukoni mwa DC, na mdaiwa alililipia kwa kufungiwa nje ya mikopo.

Pwani walikuwa na mpango mwingine, wa zamani zaidi. Aya ndefu kuliko zote katika Qurani, ya 282 katika sura ya Al-Baqara, haizungumzii vita wala pepo. Inazungumzia kuandika deni. Inataka mwandishi, mashahidi na muda wa kulipa uliowekwa. Halafu kuna hili ambalo hunishangaza kila mara: anayemtamkia mwandishi maneno ya kuandika ni mdaiwa, si mdai. Deni linaingia kwenye karatasi kupitia mdomo wa yule atakayelilipa.

Daftari la duka la mtaani halijaenda mbali na hapo. Pale Kawangware mama wa duka anaandika unga pakiti mbili na mafuta ya kupima huku umesimama mbele yake, na mwisho wa mwezi mkibishana mnafungua ukurasa. Anaweza kukukasirikia, anaweza kukunyima mkate, lakini hawezi kukudai kitu ambacho hukuwahi kuona kikiandikwa.

Kisha daftari likahamia kwenye simu. M-Shwari ilianza Novemba 2012, Tala 2014, Branch 2015, na nyingine nyingi zikafuata. Ukaweza kukopa ukiwa kwenye matatu Waiyaki Way, kabla hujafika Kangemi. Mkataba ukawa maandishi madogo unayoyapitisha kwa kidole gumba. Ushahidi wote ulibaki upande wa mkopeshaji, pamoja na majina ya kila mtu uliyemhifadhi kwenye simu, na hapo baadhi ya kampuni ziligundua kwamba ushahidi si lazima kama aibu inafanya kazi. Mbona uende kortini na unaweza kumpigia mamake mtu?

Serikali ilifika kama kawaida yake, polepole. Sheria ya Kulinda Data ilipitishwa 2019. Desemba 2021 sheria ya Benki Kuu ikarekebishwa ili wakopeshaji wa simu wawe na leseni, na Machi 2022 kanuni zikatoka: marufuku vitisho, marufuku matusi, marufuku kuwapigia watu walio kwenye simu ya mdaiwa. Kufikia Septemba mwaka huo kampuni 288 zilikuwa zimeomba leseni. Zilizopewa ni 10. Mwaka uliofuata Kamishna wa Data, Immaculate Kassait, aliipiga Mulla Pride, wenye KeCredit na Faircash, faini ya shilingi 2,975,000 kwa sababu ya simu na meseji za vitisho kwa watu ambao namba zao zilitoka kwa wengine.

Na HELB? Hilo ni jambo lingine, wacha tusidanganyane. Lile deni liko na faili, liko na saini yako, na liko na sheria yake tangu 1995.

Ninayemzungumzia ni yule wa namba ngeni. Alinipigia mwaka jana, akataja shilingi 3,400 na jina la kampuni ambalo sikuwahi kulisikia. Nikamwambia, "Boss, nitumie mkataba, tarehe niliyokopa, na namba ya M-Pesa iliyopokea hiyo pesa." Akanyamaza kidogo. Halafu: "Wewe ndiye unajua ulikopa lini." Jioni shangazi yangu wa Uthiru akapata meseji kwamba mimi ni mwizi.

Mimi si wakili, hata digrii sikumaliza, lakini Sheria ya Ushahidi ya Kenya, kifungu cha 107, haihitaji digrii: anayedai ndiye anayethibitisha. Kwa hivyo uliza kwa maandishi. Mkopeshaji wa kwanza ni nani, na ako na leseni ya Benki Kuu? Pesa za mwanzo zilikuwa ngapi na riba ni ngapi? Kama deni liliuzwa, barua ya kuuziwa iko wapi? Sheria ya data nayo inakupa haki ya kuona walichoandika juu yako, na kutaka kirekebishwe kama ni uongo.

Kuna mtego mmoja ambao watu wengi hawaujui. Deni la mkataba lina miaka 6 ya kushtakiwa. Lakini ukilipa hata kidogo, hesabu ya miaka inaanza upya. Sasa elewa kwa nini yule kijana wa simu anakubembeleza kwa sauti laini, "tuma hata mia mbili tu, tuone uko na nia." Hiyo mia mbili haipunguzi kitu cha maana, na inampa ushahidi ambao hakuwa nao asubuhi.

Mdai mwenye karatasi zake ako na mahali pa kwenda. Tangu 2021 kuna Mahakama ya Madai Madogo Milimani, kwa madai yasiyozidi shilingi milioni moja, na sheria inataka kesi iishe ndani ya siku 60. Yule wangu nilimtajia hiyo mahakama kwa meseji, nikamwambia nitafika siku yoyote nitakayoitwa. Alisoma. Shangazi alishamfungia namba.